Mkusanyo wa Stieglitz wa Chuo Kikuu cha Fisk: Maelezo kwa Mtazamaji Asemaye Kiswahili

Mwaka wa 1949 Chuo Kikuu cha Fisk, kilichoko mjini Nashville katika jimbo la Tennessee, kilipewa picha na sanamu 101 zilizokuwa za marehemu Alfred Stieglitz wa New York na za mkewe, mchoraji Georgia O'Keeffe. Hesabu hiyo si kubwa, kwani majumba mashuhuri ya New York na Chicago yana vitu maelfu kwa maelfu. Walakini ni mikusanyo michache iwezayo kumwonyesha mtazamaji, kwa matembezi ya asubuhi moja, jinsi wachoraji wa Marekani walivyoacha kuifuata Ulaya hatua kwa hatua wakajitafutia njia yao wenyewe katika miaka thelathini ya mwanzo ya karne ya 20. Na hakuna mkusanyo mwingine wa namna hiyo uliozua mashtaka mazito kama huu kuhusu maana ya neno moja: kutoa.

Msomaji wa Kiswahili akiendea vitu hivi hukutana na shida mbili. Ya kwanza ni ya macho, nayo humpata kila mtu, hata Mmarekani mwenyewe. Ya pili ni ya maneno. Lugha ya Kiswahili ina istilahi za sanaa zilizokwisha kukubaliwa na kuchapishwa katika kamusi, lakini baadhi yake humwelekeza mtazamaji mahali ambapo picha haipo. Makala haya yanazitazama shida zote mbili kwa pamoja, maana haielekei kwamba ya kwanza yaweza kutatuliwa bila ya pili.

Ni vema kuanza na jina la mahali penyewe. Wazungu walilitoa jina la jumba la namna hii katika Kiyunani, ambako maana yake ilikuwa makao ya miungu wa kike waliodhaniwa kuwavuvia washairi na wanazuoni. Kiswahili kimesema makumbusho, yaani mambo yanayokumbusha, nalo ni neno zuri sana kwa mabaki ya kale: kwa majahazi, vyungu, fedha za masultani na nguo za wafu. Lakini mtu aingiaye kutazama picha mpya asiyopata kuona mfano wake hakumbushwi kitu. Hapo neno maonyesho lafaa zaidi, kwani halidai kwamba mtazamaji alikwisha kujua. Jambo hili laweza kuonekana dogo, lakini watu wengi husimama mbele ya picha za kisasa wakitafuta ziwakumbushe nini, na wasipokumbushwa huondoka wakisema wamedanganywa.

Stieglitz alizaliwa mwaka wa 1864 huko Hoboken, ng'ambo ya mto kutoka New York, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kupiga picha kwa kamera. Mwaka wa 1905, pamoja na mwenziwe Edward Steichen, alifungua vyumba vidogo vya maonyesho katika Fifth Avenue, nyumba namba 291, na tangu hapo mahali hapo pakaitwa kwa namba tu: 291. Hapo ndipo watu wa New York walipoonyeshwa michoro ya Rodin na kazi za Matisse mwaka wa 1908, na za Picasso mwaka wa 1911. Maonyesho makubwa yaliyofunguliwa tarehe 17 Februari 1913 katika ghala la silaha la kikosi cha 69, yenye vitu vipatavyo 1,300, ndiyo yaliyoutikisa umma na kujaza magazeti vichekesho. Ila waliokuwa wakipanda kwenda 291 walikuwa wamekwisha kuzoea. Vyumba vile vilifungwa mwaka wa 1917. Mwaka wa 1925 Stieglitz aliwakusanya katika maonyesho mamoja wale aliowaita Wamarekani Saba: yeye mwenyewe, Arthur Dove, Marsden Hartley, John Marin, Charles Demuth, Paul Strand na O'Keeffe, aliyekuwa amemwoa mwaka uliotangulia. Kazi za wengi kati ya watu hao ndizo zilizofika Nashville.

Pamoja nazo vilifika vinyago vichache vya Afrika, na habari yao haina budi kuelezwa kwa kirefu kidogo.

Mwezi wa Novemba 1914 vyumba vya 291 viliondolewa picha vikawekwa sanamu za mti zilizotoka Afrika ya Magharibi na ya Kati. Aliyezitafuta ni Marius de Zayas, mchoraji wa Kimexico, naye alizipata kwa mfanyabiashara wa Paris aitwaye Paul Guillaume. Stieglitz alijivuna kwamba hayo yalikuwa maonyesho ya kwanza kuzitazama kazi za namna hiyo kuwa ni sanaa, wala si vielelezo vya desturi za makabila. Dai lake lina ukweli mwingi. Lakini tazama jina aliloyapa maonyesho hayo. Kwa Kiswahili laweza kufasiriwa hivi: Sanamu za Mti za Washenzi wa Afrika, Shina la Sanaa ya Kisasa. Sehemu ya pili ya jina inampa Mwafrika cheo cha mwalimu. Ya kwanza imekwisha kumnyang'anya. Mfasiri hawezi kukwepa neno washenzi kwa kutafuta lililo laini zaidi, kwani akifanya hivyo ataandika historia ambayo haikuwako. Na msemaji wa Kiswahili hana haki ya kulishangaa neno hilo kana kwamba ni la wageni tu: watu wa pwani walilitumia kwa karne nyingi kuwaita jirani zao wa bara, bila ya kuhitaji msaada wa New York.

Neno sanamu nalo lina mengi. Asili yake ni Kiarabu, ambamo humaanisha kitu cha kuabudiwa kisichokuwa Mungu. Kiswahili cha zamani kililipanua: sanamu ilikuwa kila mfano wa kiumbe, uwe wa kuchongwa au wa kuchorwa, hata picha iliyo bapa juu ya karatasi iliitwa sanamu. Baadaye neno picha liliingia kutoka Kiingereza, likatwaa upande wa vitu vilivyo bapa, na sanamu ikabakiwa na mawe na miti. Kinyago kilisimama kando, na harufu ya ngoma na unyago. Basi Mswahili anapoambiwa kwamba ndani ya chumba kimoja kuna picha za Dove na vinyago vya Afrika, lugha yake humtenganishia vitu ambavyo Stieglitz alitaka vitazamwe kwa jicho moja. Lau maneno ya zamani yangalitumika, vyote vingaliitwa sanamu.

Shida kubwa zaidi iko katika neno dhahania. Hivi leo picha isiyoonyesha mtu, mti wala nyumba huitwa sanaa dhahania, kwa mfano wa nomino dhahania za sarufi. Neno hili limetokana na shina la Kiarabu lihusulo akili, na katika masikio ya watu wengi maana yake ni jambo la kufikirika tu, lisilokuwako nje ya kichwa cha mwenye kulifikiri. Lakini lugha nyingine hazikuanzia hapo. Kilatini, ambacho Wazungu wamekifuata, husema kuvuta kitu na kukitenga na vingine. Kiarabu cha leo husema tajridi, yaani kuvua, kukiacha kitu kitupu bila ya nguo zake. Katika lugha zote mbili kitu kiko; kilichopungua ni mavazi yake. Katika Kiswahili kitu hakiko tangu mwanzo. Mtazamaji aliyeambiwa kwamba picha ni dhahania hana sababu ya kuuliza imetoka wapi, kwani jina limekwisha kumjibu kwamba imetoka hewani.

Arthur Dove ndiye anayedhihirisha ubovu wa jina hili kuliko wote. Alizaliwa mwaka wa 1880 katika jimbo la New York, akaishi miaka mingi kwa kuchora picha za magazeti, kwa kulima na kufuga kuku, na baadaye ndani ya mashua. Tangu yapata mwaka wa 1910 alifanya picha zisizo na umbo la kitu kijulikanacho, wakati ambapo hata Ulaya waliofanya hivyo walihesabika kwa vidole. Yeye mwenyewe hakupenda jina walilotumia wenzake. Alipenda kusema kwamba kazi zake ni vitu vilivyotolewa ndani ya vingine, kama dawa itolewavyo katika mizizi kwa kuchemshwa na kuchujwa. Alitazama kilima, upepo, jani, sauti ya honi ya meli penye ukungu, akakamua. Kilichobaki ndicho alichokiweka juu ya ubao. Maneno ya Kiswahili ya kulieleza jambo hili yako tele: kukamua, kuchuja, kudondoa, kiini. Tui halifanani na nazi, wala hakuna asemaye kwamba tui ni la kufikirika. Haipendekezwi hapa kwamba istilahi iliyokwisha kukubaliwa na kufundishwa shuleni itupwe; istilahi ni kama njia, watu wakiisha kuizoea ni taabu kuihamisha. Lakini mwenye kuandika maelezo ya picha za Dove angefanya vema kusema kiini, na kuliacha dhahania kwa wanasarufi.

Mkusanyo wa Fisk una picha ya Dove ya mwaka wa 1930 ambayo jina lake ni fumbo kwa mfasiri. Kwa Kiingereza lina sehemu mbili, ya pili ikiwa ndani ya mabano: kubembea katika bustani ya mji, kisha ndani ya mabano, kwamba walikuwako hapo watu weusi. Dove hakuchora nyuso. Asiyesoma kibandiko hataona bembea wala watu. Ataona mwendo na rangi. Ni jina peke yake lisemalo kwamba watu hao walikuwako, nalo lasema kwa sauti ya chini, ndani ya mabano, kama mtu anayeongeza neno baada ya kufunga barua.

Kiingereza kina neno moja tu la hapo, pale, kule na mle, na Dove alilitumia mara mbili katika sentensi moja fupi: mara ya kwanza kwa ajili ya sarufi tu, mara ya pili kwa mahali. Kiswahili hakikubali uvivu huo. Mfasiri akisema "palikuwapo watu weusi", amewaweka mahali maalumu, dhahiri, panapoonekana. Akisema "kulikuwako watu weusi", wameenea, au wako mbali, au mchoraji hajali walikuwa upande gani. Akisema "mlikuwamo watu weusi", wamo ndani, wamezungukwa na ua wa bustani au na fremu ya picha yenyewe. Katika nchi ambayo sheria za majimbo mengi zilikuwa zikiwaamuru watu weusi wakae wapi na wasikae wapi, chaguo baina ya pa, ku na m si mchezo wa sarufi. Kati ya hayo matatu "mlikuwamo" ndilo linalofaa zaidi, kwani hilo tu ndilo linalowaweka ndani ya picha ambayo macho hayawaoni.

Picha iwavutayo watu kuliko zote katika mkusanyo huu ni ya O'Keeffe ya mwaka wa 1927, ionyeshayo usiku jengo la kampuni ya Radiator mjini New York. Jengo lenyewe lilikamilika mwaka wa 1924 kwa ramani ya Raymond Hood, nalo ni la matofali meusi na kilele cha rangi ya dhahabu. O'Keeffe na mumewe walikuwa wakikaa katika ghorofa za juu za hoteli tangu mwaka wa 1925, na wakati huo alichora majengo marefu mara nyingi, ingawa wanaume waliomzunguka walimwambia kazi hiyo awaachie wao. Madirisha yanawaka kwa safu, moshi mweupe unapanda upande wa kulia, na upande wa kushoto, kwa taa nyekundu za tangazo, limeandikwa jina: Alfred Stieglitz. Mjini hapakuwa na tangazo hilo. Mke ameliandika jina la mumewe hewani juu ya mji, na watu wamebishana tangu hapo kama ni sifa au ni dhihaka. Yamkini ni yote mawili. Mume aliyeyaendesha maonyesho yake, bei zake na sifa zake alistahili yote mawili.

Maandishi ndani ya picha yalikuwa tabia ya kundi hili zima. Demuth alifanya picha za rafiki zake zisizo na sura zao, bali vitu na herufi tu. Iliyo mashuhuri ni ile ya namba 5 ya rangi ya dhahabu, ya mwaka wa 1928, iliyoko New York, aliyoifanya kwa heshima ya mshairi William Carlos Williams, na ndani yake jina la mshairi limekatika vipande. Hartley, alipokuwa Berlin, alimlilia askari mmoja wa Kijerumani aliyeuawa vitani Oktoba 1914 kwa kuchora bendera, nishani, herufi za jina lake na namba 24, umri wake. Kwa mtu aliyelelewa pwani, ambako neno lililoandikwa kwa khati nzuri juu ya mlango au juu ya kaburi lilikuwa pambo lenyewe tangu zamani, picha hizi si ngeni kama zilivyokuwa kwa Wamarekani wa wakati ule. Tofauti ni kwamba khati huliinua neno lililokwisha kuwa tukufu, hali Demuth aliinua namba iliyobandikwa ubavuni mwa gari la zimamoto.

Stieglitz alifariki mwaka wa 1946, na O'Keeffe akapewa kazi ya kugawa mali yake. Sehemu kubwa zilikwenda katika majumba ya New York na Chicago. Kwamba sehemu moja ilikwenda Fisk ni kwa shauri la rafiki yake, mwandishi na mpiga picha Carl Van Vechten, aliyemjua rais wa chuo hicho, Charles S. Johnson. Fisk kilianzishwa mwaka wa 1866 kwa ajili ya watu waliotoka utumwani, na Johnson alikuwa Mweusi wa kwanza kukiongoza. Idara yake ya sanaa ilikuwa mikononi mwa Aaron Douglas, mchoraji aliyetia picha katika kuta za maktaba ya chuo mwaka wa 1930. Jengo la mazoezi ya viungo la zamani likageuzwa nyumba ya maonyesho, na O'Keeffe alikwenda mwenyewe kusimamia jinsi vitu vitakavyopangwa. Aliweka masharti: mkusanyo usiuzwe, usibadilishwe, uonyeshwe ukiwa mzima. Hata rangi ya kuta aliitaja.

Hapa Kiswahili kina neno ambalo Kiingereza hakina. Mali iliyotolewa kwa masharti kwamba isiuzwe, isirithiwe, isitolewe tena, ila manufaa yake yaendelee kuwafikia watu fulani daima, huitwa wakfu. O'Keeffe hakuwa Mwislamu wala hakuijua sheria hiyo, lakini alilolifanya mzee yeyote wa Mombasa au Unguja angelitambua mara moja, na angelijua pia swali lifuatalo: nyumba ya wakfu ikibomoka, na fedha ya kuitengeneza haipo, je?

Swali hilo lilifika mahakamani. Mwaka wa 2005 chuo, kikiwa na upungufu mkubwa wa fedha, kiliomba ruhusa ya kuuza picha mbili: ile ya jengo la Radiator na moja ya Hartley ya mwaka wa 1913 iliyoitwa kwa namba tu, Picha Na. 3. Jumba la makumbusho la O'Keeffe la Santa Fe lilipinga. Mwanasheria mkuu wa jimbo naye alipinga kwa niaba ya umma. Kesi ilidumu miaka saba. Mahakama zilitumia kanuni ya sheria ambayo jina lake ni la Kifaransa cha kale, na maana yake ni karibu iwezekanavyo: mtoaji akiwa hawezi kutimiziwa alilolitaka, atimiziwe lililo karibu nalo. Wanafikihi wana mjadala wao unaofanana na huo. Wahanafi humruhusu kadhi, kwa masharti, kubadilisha mali ya wakfu iliyokwisha kupoteza faida yake. Mashafii, ambao ndio wengi wa pwani, wameuacha mlango huo mwembamba sana.

Mwaka wa 2012 mapatano yalithibitishwa. Jumba la Crystal Bridges la Bentonville, Arkansas, lililoanzishwa na Alice Walton na kufunguliwa mwaka uliotangulia, lilinunua nusu ya milki kwa dola milioni 30, na mkusanyo ukawekewa zamu ya miaka miwili miwili, mara Arkansas, mara Tennessee. Waliokisema chuo kwa kuvunja ahadi walikuwa na hoja, ila aghalabu walikuwa watu ambao vyuo vyao havikupata kujiuliza kama vitafungua milango mwakani. Wala haikuwa mara ya kwanza kwa Fisk kujiokoa kwa sanaa: mwaka wa 1871 kiliwatuma wanafunzi wake kuzunguka wakiimba nyimbo za watumwa, na fedha walizorudi nazo zikajenga Jubilee Hall, ambayo ingali imesimama.

Mtazamaji apangaye kwenda hana budi kwanza kuuliza zamu ni ya nani. Akifika, aanze na vinyago, asiviache kuwa vya mwisho. Kisha amtazame Dove, na baada ya Dove ndipo asimame mbele ya jengo la Radiator. Atakapovitazama vibandiko, ataona kwamba kila picha ya Mmarekani ina jina la mtu, mwaka wa kuzaliwa na mwaka wa kufa. Chini ya vinyago vya namna hiyo, katika majumba karibu yote, mahali pa jina la fundi pameandikwa jina la kabila.